Baraza, Ukumbi na Ua: Nyumba ya Kiungani katika Kamusi, Ripoti na Riwaya

I

Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson kwa niaba ya Kamati ya Lugha, ikachapwa mwaka 1939, inalipa neno kiunga maana mbili: shamba la miti ya matunda, na pembezoni mwa mji. Msomaji asiyeujua mwambao aweza kudhani kwamba maana hizi zimekutana katika neno moja kwa bahati tu. Sivyo. Majina ya mitaa yatosha kuwa ushahidi. Katika Ng'ambo ya Unguja iko Miembeni, iko Mikunguni, iko Mwembetanga. Katika Dar es Salaam iko Mchikichini, iko Mikocheni, iko Magomeni Mwembechai. Mji ulipokua uliingia mashambani, ukaikata miti na kuyabakiza majina yake. Kiunga kilichokuwa cha miembe kikawa kiunga cha nyumba, na neno likabaki lile lile kwa kuwa mahali palibaki pale pale.

Katika viunga hivyo ndimo ilimostawi nyumba ambayo wageni na wenyeji wote huiita nyumba ya Kiswahili. Imeandikwa habari zake mara nyingi, lakini walioiandika wamekuwa wa aina tatu, na kila aina imeisoma kwa jicho moja. Watunga kamusi wameandika maneno yake. Waandishi wa ripoti za makazi wamehesabu vyumba vyake. Wahakiki wa riwaya wameitaja kwa jina la mandhari, kisha wakapita. Makala haya yanazihakiki kazi za makundi hayo matatu. Dai lake ni moja: nyumba hii si chombo cha kuhifadhia watu, bali ni mfululizo wa daraja za kukaribishwa, kutoka njiani hadi chumbani, na kutoka uani hadi chumbani. Asiyezifahamu daraja hizo hawezi kuyafasiri barabara maneno yaliyolelewa humo, wala vitabu vilivyotungwa juu ya watu wanaoishi humo.

II

Umbo la nyumba yenyewe lajulikana sana, kwa hiyo maelezo machache yatatosha. Mbele kabisa, chini ya upenu wa paa, ipo baraza. Katikati ya baraza upo mlango mkubwa. Mlango ukifunguliwa huonekana ukumbi, nao hupita moja kwa moja hadi mlango wa nyuma. Vyumba vimepangwa pande mbili za ukumbi, aghalabu vitatu huku na vitatu huku. Nyuma upo ua uliozungushiwa ukuta au makuti, nao una jiko, ghala, mahali pa kuogea na choo. Zamani nyumba hiyo ilijengwa kwa nguzo na fito, ikakandikwa udongo na kuezekwa makuti. Na ile ambayo udongo wake umepukutika, fito zikaonekana, watu waliiita mbavu za mbwa. Baadaye yalikuja mabati na matofali ya saruji. Vifaa vilibadilika, mpango haukubadilika.

Mpango huo ulisafiri pamoja na lugha. Mitaa inayoitwa Majengo, ya Mombasa na ya Nairobi, yaonyesha hivyo. Na kadhalika Ujiji, na Buyenzi ya mjini Bujumbura. Palipofika Kiswahili cha mjini, mara nyingi pamefika na baraza.

Sasa na itazamwe namna mtu anavyoingia. Mpita njia humsalimu aliyeketi barazani bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Baraza iko machoni pa njia, na aliyekaa hapo amekubali kuonekana na kusemeshwa. Akialikwa kuketi, huketi, na huenda asiingie ndani maisha yake yote, ijapokuwa ni rafiki wa miaka mingi. Akitaka kuvuka kizingiti, sharti apige hodi. Adabu yataka abishe mara tatu. Asipoitikiwa, arudi zake. Akiambiwa karibu, huingia ukumbini, na ukumbi si chumba: humo mtu anapita au anakalishwa kwa muda, na kila mpangaji aweza kumwona. Chumbani hufika jamaa, mgonjwa anayeuguzwa, na anayekuja kumwangalia mgonjwa huyo.

Lakini msomaji akidhani kuwa ua ndio mwisho wa safari hiyo, yaani mahali pa ndani kupita pote, amekosea. Ua una njia yake yenyewe. Jirani mwanamke hapiti barazani mbele ya wanaume. Huja kwa mlango wa uani, na hodi yake ni nyingine, ya sauti ndogo, na mara nyingi hujibiwa kabla haijesha. Uani ndiko kunakopikwa, kunakofuliwa, kunakosukwa nywele na ukili, na ndiko habari za mtaa zinakopimwa kabla hazijafika barazani. Kwa hiyo nyumba hii ina nyuso mbili: uso wa wanaume unaotazama njia, na uso wa wanawake unaotazama nyua za jirani. Chumba kimewekwa katikati ya nyuso hizo, kikalindwa na zote mbili.

III

Kamusi hupanga maneno kwa herufi, na hapana budi iwe hivyo, maana bila ya utaratibu huo neno halitafutiki. Lakini utaratibu huo una gharama yake. Baraza imewekwa katika herufi B, ukumbi na ua katika herufi U, na katikati yake kuna kurasa mamia. Hali katika nyumba, mtoto hutoka barazani hadi uani kwa pumzi moja. Maneno yaliyokuwa yakisaidiana katika maana yametengwa, na kila moja limepewa tafsiri ya peke yake kana kwamba lingeweza kusimama bila ya mwenziwe.

Hasara ya kutengana huko huonekana zaidi katika neno baraza. Johnson anatoa kwanza kikalio cha mawe au udongo mbele ya nyumba, kisha anaendelea hadi kwenye mkutano na mashauri. Neno lina ndugu yake katika Kiarabu cha Omani, barza, yaani kikao cha mtawala cha kusikiliza watu. Kwa hiyo mwanafunzi wa lugha huelezwa kuwa neno hili lina maana ya mahali na maana ya mkutano, akapewa tarakimu za kuzitenga. Asiloelezwa ni sababu ya maana moja kuzaa nyingine. Sababu yake ni ya ujenzi. Mazungumzo ya barazani hufanyika machoni pa njia. Mpita njia ana haki ya kuyasikia, na akisimama kidogo ana haki ya kutia neno. Jambo la siri haliletwi hapo, huenda chumbani. Basi neno baraza, kabla halijawa jina la chombo chochote cha serikali, lilikwisha kubeba ahadi ya kuwa wazi.

Ahadi hiyo haikutunzwa siku zote. Wakati wa ukoloni, afisa wa wilaya aliitisha baraza, watu wakakusanyika chini ya mti wakaambiwa kodi ni kiasi gani na kazi itafanywa wapi. Neno ni lile lile, lakini mwendo wake umepinduliwa: kwanza mwenyeji aliketi akawangoja wapitao, sasa wapitao wanaitwa wakaketishwa. Huko Kenya, baraza la chifu lilibaki na sura hiyo muda mrefu. Baada ya uhuru neno lilipanda juu zaidi, likawa Baraza la Mawaziri, na mwaka 1967 likaingia katika jina la Baraza la Kiswahili la Taifa. Hata sarufi yake ikafuata safari hiyo: baraza ya nyumba imebaki katika ngeli ya vitu kama nyumba yenyewe, na baraza la watu likahamia ngeli nyingine. Kamusi yapaswa kumwonyesha msomaji mgawanyiko huo kwa mfano, maana hapo ndipo lugha ilipoamua kwamba kikalio na wakaliao si kitu kimoja tena.

Mifano mingine ni mingi, na itatajwa kwa haraka. Ukumbi ulikuwa njia ya ndani. Leo ni jumba la mikutano na karamu. Mlango umekuwa sehemu ya kitabu, kama wajuavyo wasomaji wa Biblia, na katika miji ya mwambao umekuwa pia tawi la ukoo, kwa kuwa watu waliotokea mlango mmoja ni wamoja. Chumba ni nyumba iliyofanywa ndogo, na jumba ni nyumba iliyofanywa kubwa, kwa kuzibadili ngeli tu. Unyumba ni haki ya mume na mke. Kwenda uani ni kwenda haja kwa lugha ya heshima. Hakuna hata neno moja katika haya ambalo limepata maana yake ya pili bila ya kupita katika mpango wa nyumba. Kamusi inayoziorodhesha maana hizo bila ya kuuonyesha mpango imetoa matunda, ikaficha mti.

IV

Ripoti za makazi zina kosa la namna nyingine. Kati ya zilizoandikwa juu ya Dar es Salaam, kitabu cha J. A. K. Leslie, kilichotokana na uchunguzi wa miaka ya 1950 na kuchapwa mwaka 1963, kinastahili sifa, kwa sababu mwandishi aliona kwamba nyumba yenye vyumba sita vilivyopangishwa watu wa makabila mbalimbali ni shule ya kuishi mjini. Mgeni kutoka bara alifika kwa jamaa yake, akalala ukumbini, akapata kazi, akapanga chumba, na kwa kushiriki ua mmoja na wengine akajifunza Kiswahili, utani na adabu za mtaa.

Walioandika baada yake hawakuifuata njia hiyo siku zote. Katika ripoti nyingi nyumba ilirudishwa katika hesabu: vyumba vingapi, watu wangapi katika kila chumba, choo kimoja kwa watu wangapi. Hesabu hizo ni za lazima, kwani kipindupindu hakitazami uzuri wa mazungumzo. Lakini yafaa kuulizwa kwa nini vyumba ndivyo vilivyohesabiwa na baraza haikuhesabiwa. Jibu ni kwamba chumba kina kodi, na baraza haina. Ua nao hauna kodi. Mpangaji hulipa chumba kimoja, akapata pamoja nacho baraza, ukumbi na ua, ambavyo thamani yake haiandikwi popote. Basi mpangaji wa ripoti, akiona familia ya watu sita katika chumba kimoja, huandika kuwa watu sita wanaishi katika chumba hicho. Kwa kweli wanalala humo. Wanaishi katika nyumba nzima na katika sehemu ya mtaa.

Makosa ya hesabu yalizaa makosa ya ujenzi, japo si mara moja. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilipoanza kuziondoa nyumba za udongo katika mitaa kama Magomeni, liliweka saruji na mabati mahali pa fito na makuti, lakini nyumba nyingi lilizozijenga huko zilishika mpango ule wa zamani wa vyumba pande mbili za ukumbi. Waliohamia walikuta kitu wanachokijua. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, vikapewa barabara na maji, na kila mtu akaachiwa kujenga nyumba yake. Wengine walijenga nyumba ya baraza. Wengine, hasa waliopata magari, walijenga nyumba iliyorudi nyuma ya kiwanja, mbele yake wakaweka ukuta.

Utaratibu wa siasa wa miaka hiyo wastahili kutajwa hapa, kwa sababu uliifahamu nyumba kuliko ripoti zilivyoifahamu. Katikati ya miaka ya 1960 chama cha TANU kilianzisha mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina na mjumbe wake. Hesabu iliyotumika haikuwa ya vyumba wala ya vichwa, ilikuwa ya nyumba, na ugomvi wa wapangaji, wizi wa kuku au mgeni asiyejulikana, mambo hayo yalipelekwa kwa mjumbe nyumbani kwake, yakaamuliwa mbele ya majirani. Mwaka 2013 nchi ya Kenya nayo iliuchukua mpango wa usalama kwa jina la Nyumba Kumi. Lakini nyumba kumi zinazotazamana kwa baraza si sawa na nyumba kumi zinazopeana migongo kwa kuta, na hapo ndipo jina linapozidi uwezo wa jambo.

V

Wahakiki wa riwaya ndio wenye lawama kubwa zaidi, kwa kuwa wao wamekabidhiwa vitabu ambamo nyumba imesemwa kwa ukamilifu. Desturi ya uhakiki mwingi wa shuleni, na hata wa vyuoni, ni kugawa kazi katika maudhui, wahusika, mtindo na mandhari, kisha kuipa mandhari aya moja: mambo haya yametokea mjini, au shamba, au Unguja. Riwaya mbili zitatosha kuonyesha kinachopotea.

Ya kwanza ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980. Habari yake yajulikana: Bwana Maksuudi, tajiri mwenye tamaa ya madaraka, amemtawisha binti yake Maimuna ndani ya nyumba, nyumba hiyo inavunjika kwa ukatili wa baba, binti anatoka, na maisha ya nje yanamtupa katika ulevi na ukahaba kabla hajaokoka. Wahakiki wamesoma humo ubaya wa mfumo wa wanaume na unafiki wa wakubwa, nao wamesoma sawa. Lakini swali moja halikujibiwa na usomaji huo: kwa nini kutoka kwa Maimuna kunakuwa kuanguka? Wasichana wengi wametawa na wametoka, wasiangamie.

Nyumba yenyewe ndiyo inayojibu. Kutawa katika desturi ya mwambao hakukuwa kukosa watu. Msichana aliyetawa alinyimwa baraza, lakini aliachiwa ua, na ua ulikuwa shule: alifika shangazi, somo yake, jirani, mtu wa arusi, mtu wa matanga. Humo alijifunza nani aaminiwe na nani aogopwe, neno lipi ni la mzaha na lipi ni mtego. Kosa la Maksuudi si kumfungia binti tu. Ni kwamba ameitawala nyumba kwa hofu hata daraja zake zote zimekatwa, pamebaki ndani na nje bila ya kitu katikati. Mwanamke wa jirani anapoingia kusaidia katika saa ya uzazi, kuingia kwake kwahesabiwa kosa, na mke hupewa talaka. Maana yake uso wa pili wa nyumba, uso wa wanawake, umezibwa. Basi Maimuna anapotoka hatoki uani kwenda ukumbini, wala ukumbini kwenda barazani. Anatoka chumbani kwenda njiani kwa hatua moja. Jina la riwaya lina maana ya kutengana kwa watu, na pia lina maana ya kutengana kwa sehemu za nyumba moja.

Ya pili ni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, nayo imewekwa katika Unguja ya siku za mwisho za utawala wa Kiingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa Raza, mtu aliyemzidi umri kwa mbali sana. Anamkimbia; jamaa zake wanamkataa; anapata hifadhi kwa Mwajuma, huko Ng'ambo, na kwa njia hiyo anafahamiana na Denge na harakati za kudai uhuru. Usomaji wa kawaida huona hapa mapenzi yanayovuka mipaka ya rangi na siasa inayovunja minyororo. Hilo ni kweli, lakini halielezi kwa nini kuvuka kwenyewe kunaaminika. Msomaji wa Unguja huamini kwa sababu anaijua Ng'ambo: ni mtaa wa wapangaji, wa watu waliotoka pande mbalimbali, ambao tangu zamani walijifunza kusimama pamoja. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi zilipojengwa nyumba zao. Na mgomo wa nyumba hadi nyumba hauwezekani pale ambapo majirani hawana pa kukutana.

Yasmin, kwa hiyo, hahamii katika uhuru mtupu. Anahamia katika nyumba nyingine yenye daraja zake. Kwao alikuwa na jina, hakuwa na hodi: milango ilifungwa mbele yake alipobisha. Kwa Mwajuma aliitikiwa. Mhakiki anayesema kuwa Yasmin ameasi mila amesema nusu. Ametoka katika mila iliyomfungia mlango akaingia katika mila iliyomwambia karibu. Tofauti hiyo ndiyo uzito wa kitabu, nayo imo katika neno moja ambalo kila msomaji hulipita upesi kwa kulizoea.

VI

Hayo yote yangekuwa mambo ya kale ya kupendeza tu, lau viunga vingekuwa vimebaki kama vilivyokuwa. Havikubaki. Katika viunga vipya vya Dar es Salaam, kama Mbezi, Tegeta na Goba, nyumba ya familia ni ya mke, mume na watoto wao, imesimama peke yake katikati ya kiwanja, na kiwanja kimezungushiwa ukuta wenye vipande vya chupa au nyaya juu yake. Mahali pa mlango pamechukuliwa na geti, mahali pa hodi pamechukuliwa na kengele au honi ya gari. Sebule, neno linaloelekea kuwa na asili moja na sabla ya Omani ambamo watu wa mji walikutana, sasa ni chumba cha runinga cha wenye nyumba. Kibaraza kimebaki, lakini kinautazama ukuta.

Lugha haikukaa kimya. Vijana wasiokuwa na baraza walikwenda kuketi pembeni mwa njia, juu ya jiwe au tairi, wakapaita kijiwe. Huko Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ilijenga majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, yakakatiza katikati ya Ng'ambo. Aliyepewa nyumba ya juu alipata maji na umeme, akakosa baraza. Na wanaume wakashuka chini wakaanzisha vikao vinavyoitwa maskani. Yafaa mwanalugha aitazame safari ya neno hilo. Asili yake ni makao, mahali mtu anapokaa na watu wake. Katika Unguja ya leo ni mahali pa nje watu wanapokutana kuzungumza siasa na mpira. Neno la nyumba limetoka nje ya nyumba, kwa kuwa kazi ya nyumba ilikwisha kutoka kabla yake.

Kinachopotea si maneno peke yake. Mwanafunzi aliyelelewa nyuma ya geti husoma kwamba mtu fulani alipokewa barazani miaka kumi asikaribishwe ndani, na haoni kitu. Au husoma kwamba mwanamke alipitia uani, akadhani alikuwa akijificha. Vitabu vitabaki vikisomeka kwa sarufi, huku vikifungika kwa maana. Hali hiyo ikiendelea, riwaya za miaka ya 1970 na 1980 zitahitaji maelezo kama yanavyohitaji tenzi za kale, na tofauti ni kwamba baadhi ya watunzi na wasomaji wake wa kwanza wangali hai.

VII

Kuna hoja dhidi ya haya yote, nayo ni nzito. Yasemwa kuwa nyumba ya baraza ilikuwa nyumba ya umbea, ya choo kimoja, ya mwenye nyumba anayewajua wageni wa wapangaji wake kwa majina. Kwamba iliwapa wanaume hewa ya mbele na wanawake moshi wa nyuma. Kwamba aliyejenga ukuta ameujenga kwa sababu ya wezi, si kwa sababu ya kiburi. Hoja hizo ni za haki. Methali yasema nyumba njema si mlango, na hakuna anayelazimika kuipenda baraza ndipo aielewe. Bali hoja zenyewe zathibitisha dai la makala haya. Umbea ni bei ya ujirani. Moshi wa nyuma ni bei ya uso wa pili wa nyumba. Na mwanamke aliyeulalamikia ua aliulalamikia kama mtu anayejua ua ni nini. Nyumba hiyo yaweza kulaumiwa kwa haki na mtu aliyeisoma tu.

Kazi iliyobaki ni ya wanalugha kwanza. Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipoanzishwa mwaka 1964 katika Dar es Salaam, maneno mengi yamekusanywa, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 pamoja na matoleo yaliyoifuata ni ushahidi wa juhudi hiyo. Lakini maneno ya nyumba yanahitaji namna nyingine ya kukusanywa: mkusanyaji achore mpango wa nyumba, apite humo pamoja na mwenyeji wake kutoka njiani hadi uani, aulize kila hatua jina la mahali, nani hufika hapo, kwa ruhusa ya nani, na neno gani husemwa. Afanye hivyo Ng'ambo, Kariakoo, Majengo ya Mombasa na Ujiji, maana majina hayalingani: Lamu wana daka na msana ambavyo Dar es Salaam haina, na Dar es Salaam ina korido ambayo wazee wa Lamu wasingeijua. Mpango huo uchapwe mwishoni mwa kamusi, kila neno lirejezwe kwake.

Kwa wahakiki yatosha sharti moja, nalo ni jepesi. Kabla ya kuandika neno mandhari, mhakiki aeleze mhusika ameingilia mlango upi, amefika wapi, na nani alimwambia karibu. Akishindwa kujibu, airudie riwaya, kwa kuwa katika nyingi zilizo bora jibu limeandikwa, na halikuandikwa kwa ajili ya pambo.